Swali la Baba Mkwe Kuhusu Panya

Kabla sijaolewa, kazi yangu ilikuwa kutazama uume wa panya. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka na maneno ya kuzungusha, na huko mbele mtaona yalinigharimu nini. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika chuo kimoja Dar es Salaam. Tulikuwa na panya weupe wenye macho mekundu, madume watupu, kila mmoja na kizimba chake. Asubuhi nilibadilisha maranda waliyolalia, nikawapa chakula na maji. Mtafiti akija nilimshika panya, akadungwa sindano, tukamweka kwenye sanduku la kioo, na mimi nikavuta kiti. Panya dume akisisimka huinuka kwa miguu ya nyuma, hukunja mgongo na kujilamba, na kile kitu chake kidogo hutoka nje. Kila kilipotoka niliweka alama. Wenzangu wa idara nyingine walinitania kwamba siku nikipata mume nitamwekea saa pembeni ya kitanda.

Dawa zilikuwa za aina nyingi, lakini zote ziligusa kitu kimoja, serotonini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupelekea habari zake, ile ambayo watu huitaja wakizungumzia furaha na huzuni. Mwanzoni nilidhani ni jambo rahisi, kwamba ikipanda inakuwa hivi na ikishuka inakuwa vile. Kumbe milango yake mwilini ni mingi na kila mlango una tabia yake. Kulikuwa na dawa iliyogonga mlango mmoja, panya akaanza kusimamisha peke yake, hana jike, hana sababu. Dawa iliyogonga mlango mwingine ilimfanya akae kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Na zile dawa za sonona, zile zile ambazo hospitali huwapa watu, hazikuwa na haraka. Panya alipewa siku baada ya siku, na polepole alama zangu zikapungua. Alikula vizuri, manyoya safi, ila kule chini kumepoa. Akiachishwa dawa, baada ya muda alama zilirudi. Hazikurudi kwa wote sawasawa, maana panya nao kila mmoja na lake, lakini zilirudi. Utafiti ulipokwisha waliuawa wote, ndio utaratibu, na mimi nikarudi kwetu Mbeya.

Mume wangu nilimpata Mbeya mjini, amekuja kuuza miche ya maparachichi. Alikuwa na kitalu kwao Mpuguso, kando ya barabara iendayo Tukuyu, na mikono yake ilinukia udongo hata akiwa amevaa shati la Jumapili. Nilipomweleza kazi niliyokuwa nikiifanya alicheka mpaka akaketi chini. "Kwa hiyo wewe ni mkaguzi," alisema. Nilimpenda kwa kicheko kile. Wanaume wengine niliowaeleza walinitazama kwa wasiwasi.

Mimi ni Mnyakyusa wa jina tu. Nimezaliwa mjini, Kinyakyusa changu ni cha kuombea maji. Kwa hiyo nilipofika Mpuguso kama mke, mambo mengi nilifundishwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke mpole aliyeachika na kurudi kuishi kwa baba yake. Somo la kwanza lilikuwa ukutila. Maana yake ni kumwogopa mkwe, lakini kwa uoga wa heshima. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hapiti njia anayopita. Akimsikia anakuja huingia migombani na kugeuza uso mpaka apite. Naye mzee ana wajibu wake, kila akikaribia lazima akohoe ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, utakuta mkwe na mkamwana wanakula meza moja na kugombania rimoti ya televisheni. Familia yetu haikulegeza.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na kipande cha migomba tu. Kwa miaka yote ile nilimjua baba mkwe kwa kikohozi, kwa kofia yake ya sufu ikipita juu ya majani, na kwa sauti yake akiwafokea mbuzi kwa Kiswahili kisicho na r wala z. Siku ya harusi mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa chini ya kanga, kwa hiyo hata siku hiyo niliona viatu vyake tu. Nilikasirika sana mwanzoni. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nilimwambia mume wangu kwamba nimesoma, sina umri wa kucheza kombolela na mzee mzima. Akacheka, akasema nitazoea. Na kweli nilizoea, nikafika mahali nikikisikia kikohozi miguu inakwenda yenyewe.

Mtu yeyote mwenye jambo kati yetu alimtumia wifi. Mzee akitaka kujua kama tuna chumvi, wifi anakuja. Mimi nikitaka mbuzi zake wasile miche, wifi anakwenda. Habari za panya zilimfikia hivyo hivyo, kupitia mume wangu na dada yake, na nasikia mzee aliuliza mara moja tu kama ni kweli serikali inalipa watu kwa kazi ile.

Ugonjwa wa mume wangu haukuanza na jambo lolote. Hilo ndilo watu hawakuelewa, kila mtu alitafuta jambo. Hakuna aliyekufa, biashara ilikwenda, hatukuwa na mtoto bado lakini hatukuwa tumekata tamaa. Alianza tu kuchelewa kuamka. Akawa anakaa kwenye kitalu na kisu cha kubebeshea mkononi, kile cha kuunganishia kikonyo cha mti bora kwenye mche mchanga, mche mbele yake, kikonyo kimekatwa tayari, na hakifungi. Kikonyo hakingoji, kikikaa kinakauka. Nilikuta vimekauka miguuni pake na yeye anatazama mvua. Nikimuuliza ananiambia, "Sioni maana yake." Nilidhani anasema maana ya ule mche.

Nilimpandisha bodaboda tukaenda hospitali. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema ni sonona, akampa vidonge na kutuambia tusikate tamaa mapema, vinachukua wiki kadhaa. Aliongeza kwamba kikitokea chochote turudi, asiache mwenyewe. Nilisoma jina la dawa kwenye pakiti nikalitambua. Nilikuwa nimelibandika kwenye vizimba mwaka mzima.

Vidonge vilifanya kazi. Nataka hilo lieleweke, maana siku hizi nikisimulia watu hurukia mwisho. Asubuhi moja niliamshwa na sauti ya maji, kumbe ameamka kabla yangu anajimwagia huku akiimba wimbo wa kanisani na kuukosea maneno kama zamani. Alirudi kitaluni. Alibebesha miche mpaka nailoni za kufungia zikaisha, akanituma Tukuyu kununua nyingine. Alikula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, sahani nzima. Nilikuwa nikikoroga chungu cha ndizi jikoni huku machozi yananitoka kwa furaha, na wifi akadhani ni moshi.

Kisha kikaja kile nilichokijua. Alianza kuchelewa kuja kitandani, ana miche ya kukagua, ana simu ya kujibu. Akija analala amenipa mgongo, ananiambia amechoka. Siku aliyojaribu akashindwa, alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika kichwa. Kule mjini kuna vibao ukutani vya waganga, vimeandikwa jogoo hapandi mtungi, na sisi tulikuwa tukivicheka tukipita. Nilimwambia, tena kwa upole ambao sina kwa kawaida, kwamba si yeye, ni dawa. Nilimweleza milango ya serotonini. Nilimwambia nimeona kwa macho yangu, kwamba hupoa na hurudi, na kwamba daktari anaweza kupunguza kipimo au kumbadilishia dawa nyingine isiyogonga mlango ule kwa nguvu. Twende tu tukamwambie.

"Nikamwambie daktari nini?" aliuliza. "Mimi ni panya wako?"

Hakunifokea. Alisema polepole, na hilo liliniumiza zaidi. Nilingoja, nikarudia siku nyingine, na nyingine. Hakutaka. Akaanza kuruka vidonge. Nilijua kwa sababu pakiti haikuisha ilivyotakiwa kuisha, na kwa sababu kule kutazama mvua kulianza kurudi kwa dakika moja moja.

Mtu pekee aliyemsikiliza duniani alikuwa baba yake. Mzee angesema neno, angekwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilimwita wifi, nikamkalisha jikoni, nikampa ujumbe mzima. Nilimwambia amwambie baba kwamba dawa ile inapunguza nguvu za kiume, kwamba ni jambo la kawaida na nimeliona maabara, kwamba zitarudi, kwamba daktari ana njia. Na la mwisho, asiache dawa, maana akiacha ule ugonjwa utarudi, na ule ndio wa kuogopa. Niliurudia mara mbili. Wifi alikuwa akitikisa kichwa kukubali huku anatazama mafiga. Nilipofika kwenye maneno ya nguvu za kiume alijifunika mdomo kwa kanga.

Ningejuaje? Sikukulia huko. Binti hawezi kusimama mbele ya baba yake akataja uume wa kaka yake. Si kwamba hataki, neno lenyewe halitoki, kama vile mimi nisivyoweza kutembea kuelekea kikohozi. Wifi alivuka migomba, akamkuta baba yake anakunywa maziwa, akapiga goti, akamwambia, "Tata, mke wa kaka anasema dawa ile inamsumbua kaka. Anasema siyo nzuri kwake." Alisema hayo tu. Alirudi ameridhika kwamba amefikisha ujumbe na hakuna aliyeaibika.

Mzee alimwita mwanawe. Alimwambia kama mkeo mwenyewe, aliyefanya kazi na dawa, anasema si nzuri, unaimeza ya nini? Iache. Ilikuwa rai ya baba anayempenda mwanawe. Lakini mume wangu alisikia zaidi ya hapo, alisikia kwamba nimepeleka habari za kitanda chetu kwa baba yake. Alirudi nyumbani amekunja uso kama ambavyo sikuwahi kumwona. "Umemwambia mzee," alisema. Nikamwambia nimemtumia wifi, nilitaka wewe usaidiwe. Alichukua pakiti za vidonge, akazitupa chooni, akaenda kukaa kitaluni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekosa adabu siku ile. Wifi alimstahi baba yake, mzee alimsikiliza mkwe wake bila kumwona, na mimi nilibaki upande wangu wa migomba nilikoambiwa nibaki.

Ikaja miezi mizuri. Hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuisimulia bila sauti kukatika. Hasira yake iliisha, na mwili wake ukarudi kama walivyorudi panya, polepole, kisha wote. Alinitafuta tena. Alinitania, akaniuliza kama nimeweka alama. Nilijua kilichokuwa kikitokea, nilikijua kuliko mtu yeyote wilayani Rungwe, na bado nilifurahi, kwa sababu alikuwa mume wangu na nilikuwa nimemkosa. Nikapata mimba.

Mzee aliposikia alituma mbuzi na mkungu wa ndizi kupitia kwa wifi, pamoja na salamu: ndaga fijo, asante sana, kwa kusema ukweli kuhusu ile dawa. Alinishukuru! Nilisimama pale na kamba ya mbuzi mkononi nikatamani kupiga kelele. Tumbo langu lilikuwa limegeuka ushahidi. Nilipomsihi mume wangu arudi hospitali, hata dawa nyingine, hata kipimo kidogo, alinyoosha kidole tumboni kwangu akasema, "Jibu hilo hapo." Ningempinga vipi?

Kisha mvua kubwa zikaanza, na yeye akaanza kuchelewa kuamka. Vikonyo vikakauka tena. Safari hii alishuka haraka, kama mtu anayeijua njia. Nilimtuma wifi tena, nikamwambia safari hii sema kila neno, hata kama utakufa kwa aibu. Alikwenda. Alirudi akilia, akasema, "Wifi, nimeshindwa. Nimemwambia kaka amechoka." Mzee alijibu kwamba mwanamume anayengoja mtoto wa kwanza lazima achoke. Nilimpigia simu daktari mwenyewe, akaniambia nimlete haraka. Nikaita bodaboda ya kwetu ije asubuhi. Asubuhi ilipofika mvua ilikuwa inapiga, dereva akachelewa, na mume wangu akasema anakwenda kutazama kama maji yamefika kwenye miche ya bondeni, atarudi sasa hivi.

Walimkuta mtoni, chini ya daraja la miti. Watu walisema ameteleza. Daraja lile linateleza kweli, hasa mvua ikinyesha, na mimi nikiulizwa nasema ameteleza.

Siku ya mazishi ukutila haukusitishwa. Kaburi lilichimbwa kando ya migomba, kati ya nyumba mbili, na mimi nilitakiwa kuwa upande mmoja na baba yake upande mwingine. Basi wanawake walisimama na kanga wamezishika pembe, wakatengeneza ukuta wa nguo, ili mzee asinione nami nisimwone. Nililia upande huu na yeye alilia upande ule. Sauti yake ilikuwa ya kukatika, ya mtu asiye na mazoea ya kulia. Nilimchukia kwa sauti ile kwa sababu ilifanana na ya kwangu. Nilitaka kuishika kanga ile niipasue, niseme yote, dawa, panya, milango, vyote. Tumbo lilikuwa kubwa, wanawake walinishika, na nikakaa chini.

Mtoto alizaliwa wa kike. Mzee alituma blanketi. Wifi alianza kunisaidia kulea, na siku moja, bila kuulizwa, aliniambia kwamba hapati usingizi, kwamba kila akifumba macho anajiona amepiga goti mbele ya baba yake. Hasira niliyokuwa nimemwekea ilikuwa imekwisha bila mimi kujua imekwisha lini. Nilimwambia amshike mtoto nikapike.

Kubebesha nilijifunza kwa kutazama, na kutazama ndiyo kazi yangu. Nilichukua kile kisu chake na kitalu kikaanza kusogea tena. Asubuhi moja mwaka huu, mvua imekatika, nilikuwa nimeinama kwenye miche na mtoto amelala mgongoni, nikasikia kikohozi nyuma ya migomba. Miguu ikaanza kwenda yenyewe. Nikajibanza nyuma ya mgomba mkubwa, nikageuza uso, nikangoja apite. Hakupita. Akakohoa tena, kikohozi kingine, cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mkamwana," alisema.

Hakuwa amewahi kunisemesha. Sikujua hata kama ninaruhusiwa kuitika.

"Binti yangu ameniambia yote jusi. Maneno yote uliyomtuma." Alivuta pumzi. "Wale panya wako. Mliposimamisa dawa, ile nguvu ililudi?"

"Ilirudi, baba," nilisema kwa migomba.

Nilisikia fimbo yake ikichimba udongo.

"Na husuni yao? Nayo ililudi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hilo. Watafiti hawakuuliza, wala mimi kwa miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti. Tulikuwa na saa, mizani, sanduku la kioo na alama zangu.

"Hatukuwapima huzuni, baba," nilimjibu. "Tulitazama kile kingine tu."

"Na mimi," alisema mzee. Kisha sauti ikamkatika kama siku ile. "Na mimi nilitasama hicho hicho."

Mtoto akaamka mgongoni, akaanza kulia. Nilimsikia mzee akikohoa kile kikohozi cha kawaida, cha kuniambia nijifiche, anataka kupita. Sikujificha. Nilitoka nyuma ya mgomba nikamtazama. Alikuwa amevua kofia. Ulikuwa uso wa mume wangu, masikio yale yale, paji lile lile, umezeeka kama ambavyo wake hautazeeka.